Hita ya Corolla la zamani haipashi: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Corolla za miaka ya 1990, zile za chesisi AE100 na AE110, bado ni nyingi barabarani, kuanzia Njombe hadi Nyahururu, na ukimuuliza mwenye nalo kuhusu hita atakujibu "ipo, ila haipashi." Mara nyingi hita haina kosa. Injini yenyewe haipati moto wake, kwa sababu miaka kadhaa nyuma kuna fundi aling'oa themostati, yaani mlango unaojifungua kwa joto ili maji ya injini yaende rejeta, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kumhakikishia mwenye gari kwamba halitachemsha tena. Dar es Salaam au Mombasa hakuna anayegundua. Gari likiuzwa bara, likafika mahali penye baridi ya Juni na Julai, ndipo kioo cha mbele kinajaa ukungu alfajiri na feni inapuliza hewa ya vuguvugu isiyokausha chochote.

Tathmini hii inapitia vitu vinavyouzwa kwa mtu mwenye lalamiko hilo: themostati, mifuniko ya rejeta, kulanti (kimiminika cha kupoozea injini), dawa za kusafishia, koki za hita (zinazofungulia maji ya moto), rejeta ndogo za mtumba (zile za hita, ndani ya dashibodi), na vile vihita vya kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Baadhi vina thamani kuliko bei yake. Vingine ni vya kupita navyo mbali.

Vipimo vya kufanya kabla ya kutoa pesa

Anza injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta, uangalie maji. Yanatakiwa kufika shingoni, yaani uyaone bila kuinama. Tangi dogo la akiba kuwa na maji si ushahidi wa lolote: mfuniko ukiwa umechoka, tangi hujaa huku rejeta ikipungua. Rejeta ndogo ya hita mara nyingi ndiyo ya kwanza kukosa maji, hivyo upungufu wa lita moja tu unatosha kuipoza hita wakati mshale wa joto bado unaonekana mzima.

Maji yakiwa sawa, endesha dakika 15, simama, weka hita kwenye joto la mwisho na feni mwendo wa kati. Fungua boneti utafute mipira miwili myembamba inayoingia kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Kabla ya kuigusa, itazame vizuri. Magari mengi yaliyokwisha kuvuja hita yameunganishwa kijanja: mpira unaokwenda umechomekwa kwenye unaorudi kwa kipande cha bomba, hita ikarukwa. Ukikuta hivyo, utambuzi umekwisha hapo hapo, na swali lililobaki ni rejeta ndogo inavuja kiasi gani.

Kama mipira imefungwa inavyotakiwa, shika yote miwili kwa tahadhari ya feni na mkanda, au ielekezee kipima joto cha bunduki. Kifaa hicho ni cha bei nafuu na kinafaa sana kwa kazi hii, lakini hudanganya kwenye chuma kinachong'aa. Elekeza kwenye mpira wenyewe, au bandika kipande cha solotepu nyeusi juu ya bomba na upime hapo.

Mipira yote miwili ikiwa moto usiovumilika mkononi, nyuzi 75 na kuendelea, joto limefika mlangoni na kosa liko ndani: kibao cha kuchanganya hewa, waya wake, au feni. Mmoja ukiwa moto na wa pili umepoa, maji hayapiti, maana yake koki imefungwa au rejeta ndogo imeziba. Yote miwili ikiwa vuguvugu, nyuzi 50 au 55 hivi, injini ni baridi, na hapo macho yote kwenye themostati.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu hata senti. Kata boksi la karatasi ngumu, ufunike nusu ya rejeta kwa mbele, uendeshe kilomita chache huku ukiuangalia mshale. Hita ikipata uhai ghafla, themostati haipo au imekwama wazi. Kisha toa boksi. Wapo wanaoliacha msimu mzima wa baridi. Siku ya mlima mrefu na mzigo, boksi hilo hilo linapika gasketi ya silinda hedi.

Dalili ya barabarani ni rahisi vilevile. Ukishuka Kitonga kutoka Iringa, au ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, na mshale unaporomoka karibu na chini kisha unapanda tena ukifika tambarare, maji yanapita kwenye rejeta kubwa muda wote bila mlinzi.

Themostati: hapa ndipo pesa ziende

Kwa injini za 4A-FE na 5A-FE za Corolla hizi, kipimo ni nyuzi 82. Namba hiyo imegongwa kwenye bati la themostati yenyewe. Inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ifikapo 95 mlango wake unatakiwa uwe umenyanyuka milimita 8 au zaidi.

Inafaa kueleza kwa nini kuing'oa ni kosa, kwa sababu bado kuna mafundi wazuri wanaoitetea kazi hiyo. Themostati ya Toyota hizi ina milango miwili kwenye mhimili mmoja. Injini ikiwa baridi, mlango mkubwa unaziba njia ya rejeta, na mdogo wa nyuma unaacha wazi njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini tu. Injini ikipata moto, mlango mkubwa unafunguka na mdogo unaziba ile njia ya mkato, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi saa zote. Kwenye baridi, maji yanakwenda rejeta kabla ya wakati, hita inakufa, na kompyuta ya injini inaendelea kumwaga petroli ya ziada ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Kwenye mlima na jua, sehemu ya maji ya moto inarudi injini kwa njia ya mkato bila kupoozwa. Kwa hiyo dawa iliyowekwa kuzuia gari kuchemsha inaweza kulisukuma lichemshe. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya kwamba themostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kupata moto kupita kiasi.

Dukani utakutana na madaraja matatu. Ya Toyota yenyewe ndiyo ghali na ndiyo ya kununua ukiweza, kwa sharti iwe ya Toyota kweli, maana boksi ni rahisi kuigwa kuliko chuma kilichomo. Ya pili ni ya viwanda vya Japani vinavyotengeneza themostati kama kazi yao, Tama kwa mfano, ambayo kwa gari la umri huu inatosha kabisa na ndiyo chaguo letu pale bei inapouma. Ya tatu ni ile isiyo na jina, ndani ya mfuko wa nailoni, bila namba iliyogongwa au namba imechapwa kwa wino tu. Iache. Themostati mbovu inayokwama wazi inakurudisha ulikotoka. Inayokwama ikiwa imefunga inaua silinda hedi, na tofauti ya bei haifiki hata gharama ya gasketi moja.

Muuzaji anaweza kukushauri uchukue ya 76.5 "kwa sababu nchi yetu ni ya joto." Hiyo ipo na ina injini zake. Kwa Corolla hii na kwa lalamiko la hita, ni kununua ugonjwa ule ule kwa bei nafuu. Ya 88 nayo ipo, imekusudiwa nchi za baridi kali. Hita itanufaika kidogo sana na huna sababu ya kuitafuta.

Kabla ya kuifunga, ipime hata kama ni mpya. Pitisha uzi kwenye mdomo wa mlango mkubwa ili mlango uubane, ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto na uchemshe taratibu. Mlango ukianza kufunguka uzi unaachia na themostati inadondoka: soma joto hapo hapo. Ikidondoka kwenye 65, irudishe dukani. Ikigoma hadi maji yatokote, irudishe pia. Jambo moja kwa walio nyanda za juu: kwenye mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hivyo hutaifikisha 95 kwenye sufuria. Usiilaumu themostati kwa kutonyanyuka milimita zote nane. Angalia ilipoanzia kufunguka.

Kuifunga ni kazi ya nusu saa. Mwaga maji injini ikiwa imepoa, fuata mpira wa chini wa rejeta hadi unapoingia kwenye injini, na pale kuna kifuniko chenye nati mbili za spana namba 10. Kifungue, safisha kikao chake kwa kitambaa na plastiki ngumu, usitumie tindo. Themostati huingia na sili mpya ya mpira inayoivaa ukingoni. Sili hiyo haihitaji silikoni. Fundi akianza kupaka, mzuie, kwani vipande vyake huishia kwenye mirija ya rejeta ndogo. Kile kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo kielekee juu, ndiyo njia ya hewa kutokea wakati wa kujaza. Kikielekea chini, hewa inabaki nyuma ya mlango na injini hupata moto kabla themostati haijaguswa na maji. Nati zikazwe kwa nguvu ya kiganja, takriban Nm 9. Kifuniko ni cha aluminiamu na hupasuka.

Mfuniko wa rejeta

Ni kitu kidogo na ni cha bei ndogo, na ukiwa umepita miaka mitano ubadilishe bila kujadiliana na mtu. Wa Corolla hizi umeandikwa 0.9. Hilo ndilo shinikizo linaloyazuia maji kuchemka mapema, na huku juu lina uzito zaidi kuliko Pwani: mfuniko ukiwa haushiki, maji ya Njombe yanatokota kwenye 93, wakati themostati ndiyo kwanza inafunguka. Mapovu ya mvuke huingia rejeta ndogo na hita inakuja na kupotea. Usidanganywe ununue wa 1.1 au 1.3 "uwe imara zaidi." Shinikizo la ziada litatafuta sehemu dhaifu, na kwenye gari la miaka ya 1990 sehemu hiyo ni rejeta ndogo iliyo juu ya miguu yako.

Kulanti, na maji ya rangi yanayoitwa kulanti

Maji ya bomba au ya kisima ndiyo yaliyoiziba hita ya mwanzo. Chokaa na kutu havina pengine pa kwenda isipokuwa mirija myembamba kuliko yote, na mirija hiyo iko kwenye rejeta ndogo.

Kulanti nyekundu ya Toyota ya zamani, Long Life Coolant, huuzwa ikiwa nzito na lazima ichanganywe na maji. Ya waridi, Super Long Life Coolant, inakuja tayari imechanganywa nusu kwa nusu, na ukiiongezea maji unaiharibu. Mfumo wa Corolla hizi unachukua kama lita 6, kwa hiyo lita 3 za nyekundu na lita 3 za maji yaliyotoneshwa zinakamilisha. Ukibana matumizi, usishuke chini ya asilimia 30. Huku kwetu barafu si hoja kubwa; kinacholipiwa ni dawa ya kutu. Nyekundu ibadilishwe kila miaka miwili au kilomita 40,000.

Maji yaliyotoneshwa huuzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo hukaa asidi ya betri, na wauzaji wengine huviita vyote kwa jina moja.

Rangi ya kulanti haina sheria. Kila kiwanda hutia rangi yake, hivyo "kijani na kijani" si sababu ya kuchanganya. Tatizo kubwa zaidi ni chupa za bei ya kutupa ambazo ndani yake ni maji na rangi ya chakula. Kipimo cha kioo kinachosoma kiwango cha kuganda kitakuumbulia mara moja: mchanganyiko wa nusu kwa nusu husoma karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, maji ya rangi husoma sifuri. Usipokuwa nacho, weka kikombe kwenye friza ya nyumbani usiku kucha, ukiandika juu yake kwamba ni sumu ili mtoto asiguse. Ile inayodai kuwa tayari nusu kwa nusu inatakiwa iamke ikiwa majimaji. Ikiamka jiwe, umeuziwa barafu ya rangi.

Dawa za kusafisha, na zile za kuziba

Mipira ikionyesha mmoja moto na mmoja baridi, na koki iko wazi, rejeta ndogo inahitaji kuoshwa kinyumenyume. Kabla ya kununua chupa yoyote yenye picha ya injini inayong'aa, jaribu ndimu ya unga inayouzwa kwenye maduka ya viungo. Ni asidi ile ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuoshea rejeta, tofauti ni lebo.

Ondoa mipira miwili ya hita upande wa injini. Ikiwa imegandana na bomba, usiizungushe kwa plaizi. Mabomba ya rejeta ndogo ni membamba na yamechoka, yanachanika kama karatasi ya sigara. Chana mpira kwa wembe kwa urefu, uuvue, kisha ununue mpya wa kipenyo cha ndani cha milimita 16 hivi. Ukienda na kipande cha zamani dukani hutakosea. Unganisha mpira wa bustani kwenye bomba la kutokea, ili maji yapite kinyume na njia yake ya kawaida, na elekeza bomba la pili kwenye ndoo. Bomba lifunguliwe kidogo kidogo. Kompresa usiisogeze kabisa: presha ya tairi inapasua rejeta ndogo kwa sekunde moja, na utaijua kwa harufu tamu ndani ya gari.

Maji ya kwanza yatatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na vipande. Yakitakata, koroga gramu 100 za ndimu ya unga kwenye lita 2 za maji ya moto ya kuogea, si yanayotokota, mimina ndani, iache dakika 20 hadi 30, kisha suuza tena pande zote mbili. Kama rejeta ndogo ni ya aluminiamu usivuke muda huo. Malizia na kijiko cha magadi ya kuokea kwenye lita 2 za maji ili kuua asidi iliyobaki, halafu maji safi mengi. Magadi soda ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine kabisa, yanaila aluminiamu; kuna fundi anayeyapendekeza kwa sababu "yanatoa povu sana." Povu hilo ni rejeta yako inayoyeyuka.

Utajuaje imezibuka? Jaza ndoo ya lita 10 kwa mpira mtupu na uhesabu sekunde, kisha ijaze kwa maji yanayopita kwenye rejeta ndogo, bomba likiwa limefunguliwa vilevile. Muda ukizidi mara mbili, bado kuna mirija iliyoziba, rudia mara moja. Mara ya tatu haina maana.

Dawa za kuziba matundu, za unga au za chupa, hukumu yake ni fupi: usinunue. Haziwezi kutofautisha tundu la rejeta na mrija wa hita. Hata manjano na mayai yanayowekwa njiani kwa dharura hufanya hivyo hivyo. Kama gari limeletwa kwako na rejeta yenye tope la rangi ya shaba ndani, hesabu kwamba kuosha huenda kusisaidie.

Koki, waya na feni

Gari nyingi za enzi hii zina koki ya hita kwenye mpira mmojawapo karibu na ukuta wa injini, inayovutwa na waya kutoka kwenye kidude cha joto cha dashibodi. Mtu mmoja asukume kidude toka baridi hadi moto, mwingine atazame mkono wa koki. Ukisafiri nusu tu, klipu ya waya imeteleza, na dawa ni kuivuta na kuibana upya, bure kabisa. Koki za plastiki mpya ni rahisi kupata, lakini nyingi zisizo na jina huvuja kwenye mhimili baada ya muda mfupi. Koki nzima iliyotolewa kwenye gari la Japani mara nyingi ni bora kuliko mpya mbovu.

Feni inayofanya kazi kwenye mwendo wa mwisho tu ina rizista iliyoungua. Hicho ni kipande kidogo chenye skrubu mbili nyuma ya sanduku la glavu, na hakuna haja ya kuuziwa feni nzima. Feni inayovuma kwa nguvu huku upepo ukiwa hafifu imezibwa na majani makavu na vumbi. Kwenye Corolla za kizazi cha NZE121 na baadaye, tafuta chujio la hewa ya ndani kabla ya kufikiria kingine. Na vipande vya sponji vikitoka kwenye matundu ya hewa, ni ngozi ya vibao vya ndani imeoza, hewa ya baridi inapenya pembeni hata kibao kikiwa kimefunga. Hilo linarekebishwa sanduku la hita likishushwa.

Rejeta ndogo ya mtumba

Zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu wa kunata, kioo kikiwa na utando wa mafuta usiofutika, na harufu tamu ikija hita inapowashwa, rejeta ndogo inavuja. Kwa magari mengi kazi hii inataka dashibodi ishuke, na gharama ya ufundi huizidi bei ya kifaa mara kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo, kubana pesa kwenye kifaa hakuna akili.

Ya mtumba iliyotoka Japani inaweza kuwa nzuri kwa kuwa iliishi kwenye kulanti badala ya maji ya kisima. Usikubali kuilipia bila kuipima. Ziba bomba moja, tia upepo kwenye la pili kwa presha isiyozidi bar 1, uzamishe kwenye beseni dakika tano. Povu moja tu, muachie mwenyewe. Chungulia mabombani: shaba safi au aluminiamu ya kijivu ni sawa, kutu ya kahawia ni kuhamisha tatizo toka gari moja hadi jingine. Ya shaba hulehemeka ikitoboka siku zijazo, ya aluminiamu ni vigumu. Mpya ya kiwanda kinachojulikana, ikipatikana kwa namba ya chesisi, ndiyo ningemshauri mtu anayekusudia kukaa na gari.

Vihita vya soketi ya sigara

Vinauzwa kila msimu wa baridi na vinasifiwa sana. Hesabu inavimaliza. Soketi hiyo ina fyuzi ya ampea 15, kwa volti 12 ni wati 180 tu hata ikifika mwisho wake, ambapo birika la umeme la nyumbani ni wati 1,500 na zaidi, na hita nzima ya gari hutoa maelfu ya wati bure kutoka kwenye joto la injini. Kihita hicho kitapasha kiganja ukikiweka karibu, na kitayeyusha soketi kabla ya kukausha kioo. Ukikuta fundi amebadilisha fyuzi kuwa ya ampea 30 ili "kipate nguvu," kitoe siku hiyo hiyo.

Kujaza na kutoa hewa

Kazi nyingi nzuri huharibikia hapa. Gari lisimame likiangalia mlimani ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko hita. Kidude cha joto kiwe moto wa mwisho, koki iwe wazi. Mimina taratibu, ukiminya mpira wa juu na wa chini kwa zamu hadi mapovu yaishe. Washa injini bila mfuniko, ongeza kadiri maji yanavyoshuka, subiri mpira wa chini upate moto, ishara kwamba themostati imefunguka. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 20. Faneli maalumu ya kujazia rejeta ni kifaa kizuri kwa fundi wa kila siku. Mwenye gari moja akate chupa ya soda ya lita moja na nusu, aigeuze, aizungushie mpira wa baiskeli shingoni, kazi ni ile ile.

Mapovu yasiyokoma hata baada ya nusu saa, hasa yakiongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta; kikigeuka njano, gasketi ya silinda hedi imepitisha, na hapo mjadala wa hita usubiri. Hita inayopata moto ukikanyaga mafuta tu na kupoa gari likisimama, ilhali hewa imetoka yote, inaelekeza kwenye wota pampu iliyolika mapezi, au mkanda wa altaneta uliolegea, kwani kwenye injini hizi ndio unaozungusha pampu.

Funga mfuniko, jaza tangi la akiba kati ya alama mbili, endesha. Hewa ya miguuni ifike nyuzi 50 na zaidi baada ya kilomita kumi kwenye asubuhi ya nyuzi 12 au 13. Kwa kioo, weka hewa ya nje badala ya ya kuzungusha ndani, na washa AC pamoja na hita: AC inakausha, hita inapasha. Kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko tena. Karibu kila mara kutakuwa na nafasi ya kikombe kimoja cha kulanti iliyobadilishana na hewa usiku. Iongeze, kisha kaza klipu za mipira mipya robo mzunguko, na ubandike karatasi chini ya boneti yenye tarehe, aina ya kulanti, na maneno "themostati 82 ipo, isitolewe."